Mali Bila Daftari: Majengo ya Mji wa Kigali na Hifadhi za Vyuo Vikuu

UTANGULIZI

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuifundisha madarasani kwa mfano wa mwenye duka asiyeandika hesabu zake, ambaye mwisho hujikuta rafu ni tupu asijue bidhaa zilitokaje. Katika makala haya tunakusudia kuitoa methali hiyo dukani na kuipeleka mjini. Mji nao ni mali, tena ni mali ya watu wengi, iliyochumwa kwa jasho la mafundi, wachukuzi wa mawe na maji, wenye viwanja, wapangaji na watawala. Nyumba zake zikibomolewa pasipo mtu yeyote kuziandika, basi mali hiyo imepotea, na kizazi kijacho hakitajua hata kwamba kimepotelewa.

Mji tuliouchagua ni Kigali, mji mkuu wa Rwanda. Tumeuchagua kwa sababu tatu. Kwanza, umri wake ni mdogo, yapata karne moja na ushei, kwa hiyo maisha yake yote bado yanaweza kuandikwa na watu waliopata habari kutoka kwa babu zao. Pili, ni mji unaobadilika kwa kasi ambayo miji michache ya Afrika ya Mashariki inaweza kulingana nayo. Tatu, na hili ndilo linalotugusa sisi walimu wa Kiswahili, lugha yetu iliingia mjini humo pamoja na matofali ya kwanza. Anayetaka kuhifadhi kumbukumbu ya majengo ya Kigali hana budi kukutana na Kiswahili njiani, apende asipende.

MJI ULIVYOANZA

Kabla ya Wajerumani, Rwanda ilikuwa ufalme wenye nguvu, lakini haikuwa na mji wa kudumu mahali pamoja. Makao ya mwami yalihama kutoka kilima hadi kilima. Nyumba zilikuwa za mviringo, zimefumwa kwa miti na matete na kuezekwa kwa nyasi hadi karibu na ardhi, na kila kaya ilizungukwa na ua uitwao urugo. Neno hilo urugo lina maana ya ua na lina maana ya kaya pia, kwa kuwa Mnyarwanda hakuutenganisha ukuta na watu waliomo ndani yake. Vivyo hivyo umuryango ni mlango wa kuingilia nyumbani, na ni ukoo vilevile. Msomaji aliyekulia pwani hatashangaa, kwani hata katika Kiswahili mlango ni wa nyumba na mlango ni wa ukoo.

Mwaka 1907 Dakta Richard Kandt, tabibu na mpelelezi wa Kijerumani aliyekuwa amejulikana kwa safari zake za kutafuta chimbuko la Mto Nile, aliteuliwa kuwa Mkazi wa serikali ya Kijerumani katika Rwanda. Mwaka huo ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa mji, na miaka 100 yake ilitimia mwaka 2007. Kandt alichagua kilima cha Nyarugenge, karibu na katikati ya nchi, akajenga makao yake huko. Nyumba inayonasibishwa naye ingalipo hadi leo, na tangu mwaka 2017 ni makumbusho yanayobeba jina lake. Kandt mwenyewe alifariki mwaka 1918, baada ya Wabelgiji kuutwaa mji huo mwezi Mei 1916 katikati ya Vita Kuu ya Kwanza.

Pamoja na Wajerumani walikuja watu ambao vitabu vingi huwataja kwa mstari mmoja tu: askari, makarani, wapagazi, wapishi na wachuuzi kutoka pwani na bara ya Tanganyika. Hawa ndio walioleta Kiswahili, kwani utawala wa Kijerumani katika Afrika ya Mashariki ulikitumia kama lugha ya kazi katika ngazi za chini. Ndio pia walioleta Uislamu. Msikiti wa Al-Fatah, ambao mwanzo wake huhesabiwa kuwa mwaka 1913, hutajwa kuwa wa kwanza nchini. Mwaka huohuo wa 1913 mapadre weupe walianzisha misheni ya Sainte-Famille, yaani Familia Takatifu, katika mji huohuo. Hivyo msikiti na kanisa ni ndugu wa umri mmoja katika Kigali, na mtu angeweza kuufundisha mwanzo wa mji mzima kwa kuyasimamisha mapaji mawili tu mbele ya wanafunzi, la msikiti na la kanisa.

Chini ya Wabelgiji Kigali haikukua sana. Utawala wa pamoja wa Ruanda-Urundi ulikuwa na makao yake Usumbura, ambayo ni Bujumbura ya leo; mwami alikaa Nyanza; na shule kubwa zilikuwa Astrida, ambayo sasa ni Huye. Rwanda ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962 na Kigali ikafanywa mji mkuu, wakazi wake walikadiriwa kuwa 6,000 tu. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 1,745,555 katika Jiji la Kigali. Msomaji na atafakari tofauti iliyopo kati ya hesabu hizo mbili. Kila tofali lililowekwa katika miaka hiyo 60 lilihitaji mahali pa kuwekwa, na mara nyingi mahali hapo palikuwa na nyumba nyingine kabla yake.

SAFARI YA NENO GEREZA

Tunaomba ruhusa ya kusimama kidogo mbele ya jengo moja, ili tuonyeshe kwa nini mwalimu wa lugha na mhifadhi wa majengo ni watu wa kazi moja.

Katika Nyarugenge kuna gereza kuu la zamani lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1930. Mwaka huo umeandikwa kwenye jengo, na watu wa Kigali wamelifanya tarakimu hiyo kuwa jina lake. Husema tu kwamba fulani aliwahi kupelekwa "1930", na kila mtu huelewa. Wafungwa walihamishiwa Mageragere, nje ya katikati ya mji, na kufikia mwaka 2018 jengo lilikuwa limeachwa bila wafungwa.

Sasa tulitazame jina. Katika Kinyarwanda jengo hilo huitwa gereza, neno ambalo lilitoka katika Kiswahili. Nasi Waswahili hatukulizua. Wataalamu wa asili ya maneno hulinasibisha na neno la Kireno igreja, lenye maana ya kanisa. Pale Kilwa Kisiwani ngome ya zamani bado huitwa Gereza. Na Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na kuweka kanisa ndani yake, ilitumika kama jela ya Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Basi neno lililoanza likiwa la mahali pa sala likawa la ngome, likawa la kifungo, likapanda misafara hadi nchi ya milima elfu, likabandikwa kwenye ukuta wa Mbelgiji. Hati ya ujenzi wa mwaka 1930 itatueleza unene wa ukuta huo na idadi ya vyumba. Haitatueleza safari hii. Ili kumbukumbu ya jengo iwe kamili, hati na neno lazima vikae katika jalada moja.

Na gereza si neno pekee. Tukichukua msamiati wa ujenzi wa Kinyarwanda, tutaona utaratibu wa kupendeza. Vitu vilivyokuwamo katika nyumba ya jadi vina majina ya wenyeji: inkingi ni nguzo, igisenge ni paa, urugo ni ua. Lakini vitu vilivyokuja na mji vimebeba majina yetu: itafari ni tofali, idirishya ni dirisha, ibati ni bati, umusumari ni msumari, igorofa ni ghorofa, umusigiti ni msikiti, na umufundi ni fundi. Hata ishuri, yaani shule, ni neno la Kijerumani lililopita kwetu kwanza. Mtu ambaye hajapata kuona picha hata moja ya Kigali ya kale angeweza, kwa orodha hiyo peke yake, kukisia ni nini kilichoongezwa katika nyumba ya Kinyarwanda na ni kwa mikono ya akina nani. Orodha hiyo ni daftari ambalo halikuandikwa na karani yeyote.

BIRYOGO NA NYAMIRAMBO

Mahali ambapo daftari hilo la midomo ni nene kuliko pengine pote ni Biryogo na Nyamirambo. Wabelgiji hawakupenda watu hao wa Kiislamu wachanganyike na wenyeji wengine. Waliwatengea mtaa wao, ulioitwa Kambi ya Waswahili, na kuwawekea vizuizi vya kutoka na kuingia. Jina Umuswahili likawa na maana ya Mwislamu, hata kama mtu amezaliwa Rwanda na mama na baba Wanyarwanda. Na mara nyingine lilitamkwa kwa dharau, likimaanisha mtu wa mjini asiyeaminika. Watu waliotengwa kwa jina la lugha yetu walijenga maisha ndani ya mtaa huo. Walifanya biashara, walishona nguo, walitengeneza magari, walisomesha watoto Kurani, na walizungumza Kiswahili barazani huku Kinyarwanda kikisikika jikoni.

Mtembezi anayetoka katika mitaa ya majumba marefu akateremka Biryogo huona mara moja kwamba nyumba zimejipanga kwa namna nyingine. Nyumba za zamani za mtaa huo ni za chini, zimeezekwa bati, zimesogea karibu na njia, na nyuma yake pana uwanja ambamo wapangaji kadhaa hutumia bomba na jiko kwa pamoja. Aliyekulia Ujiji, Tabora au Kariakoo hahitaji kuonyeshwa mahali pa kupigia hodi. Tangu mwaka 2021 baadhi ya njia za Biryogo zimefungwa kwa magari, zikapakwa rangi, na watu huketi nje kunywa chai. Jambo hilo limeupa mtaa uhai mpya, nasi tunalifurahia. Lakini rangi ya njia haituambii nyumba iliyo nyuma yake ilijengwa na nani, kwa udongo wa wapi, wala chumba cha uwani kiliongezwa mwaka gani ili binti aliyeachika apate pa kukaa.

Habari hizo ziko kwa wazee, na wazee hawatungoji.

MWENYE NYARAKA NA ASIYE NAZO

Hapa tunafikia kiini cha jambo letu. Nyaraka haziwatendei watu kwa usawa. Kigali ilikuwa na Kiyovu mbili, na wenyeji waliziita kwa majina yasiyoficha kitu: Kiyovu ya matajiri upande wa juu na Kiyovu ya maskini upande wa chini. Nyumba ya juu ilikuwa na hati ya kiwanja, ramani ya msanifu, kibali, muhuri, na pengine picha ya familia mbele ya gari. Nyumba ya chini ilijengwa na mwenyewe na jirani zake kwa matofali ya udongo, chumba baada ya chumba, kwa kadiri fedha zilivyopatikana. Ramani yake ilikuwa kichwani mwa aliyeijenga.

Mnamo mwaka 2008 Kiyovu ya chini iliondolewa, na wakazi wake wengi wakahamishiwa Batsinda. Mwaka 2022 vilibomolewa vijiji vya Kangondo na Kibiraro, ambavyo watu waliviita Bannyahe, na wakazi wakapelekwa Busanza baada ya mashauri ya miaka kadhaa mahakamani. Hatukusudii kuyafufua mashauri hayo hapa. Tunajua kwamba nyumba nyingi za namna hiyo zilikuwa mabondeni ambako mvua huua, na kwamba maji safi na choo si mambo ya kudharauliwa na mtu anayeishi navyo. Tunajua vilevile kwamba waliohama walikuwa na uchungu, na uchungu wao haukuwa wa bure. Tunalouliza sisi ni swali moja dogo: Je, mwaka 2060 mwanafunzi akitaka kujua watu wa Kiyovu ya chini waliishi katika nyumba za namna gani, atafungua jalada lipi? Nyumba ya tajiri ikibomolewa hubaki karatasini. Nyumba ya maskini ikibomolewa bila kupimwa wala kupigwa picha hufa mara mbili.

Serikali imeonyesha kwamba zipo njia nyingine. Katika mradi wa Mpazi, kata ya Gitega, wakazi wamejengewa nyumba za ghorofa za matofali ya kuchoma palepale walipokuwa wakikaa, na thamani ya viwanja vyao ikahesabiwa. Hata hivyo, hata mtu akibaki mahali pake, nyumba ya zamani imeondoka. Hifadhi ya nyaraka haiji kuuzuia mji usikue. Huja kwa sababu mji lazima ukue.

PICHA ZILIZOSAFIRI

Tukiuliza kumbukumbu za Kigali ya mwanzo ziko wapi, jibu litatupeleka mbali. Kwa kuwa Rwanda ilikuwa sehemu ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, kisha ikawa chini ya Ubelgiji, karatasi zake zilitawanyika pamoja na watawala. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina hazina ya picha za iliyokuwa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, zipatazo 55,000, na Afrika ya Mashariki ni sehemu ya hazina hiyo. Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kina mkusanyiko wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki za kuanzia yapata 1860 hadi 1960. Ubelgiji nako, jumba la makumbusho la Tervuren na idara za nyaraka za Brussels zimehifadhi mengi ya enzi ya Wabelgiji.

Hatuwezi kuwalaumu wahifadhi wa huko kwa kuhifadhi vizuri. Kama si wao, huenda tusingekuwa na cha kutazama, hasa tukikumbuka yaliyoipata Rwanda mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Lakini yafaa tutambue upungufu wa makusanyo hayo. Mpiga picha wa enzi ile alilenga kamera yake alikoona inafaa: nyumba ya Mkazi, bendera, gwaride, kanisa. Fundi akionekana, jina lake halimo. Maelezo chini ya picha yako katika Kijerumani au Kifaransa. Na mtoto wa Nyamirambo hana nauli ya Frankfurt. Siku hizi picha nyingi zimewekwa katika kompyuta na zinaweza kutazamwa kutoka mbali. Mwaka 2021 Tervuren iliikabidhi Rwanda nakala za kompyuta za rekodi zaidi ya 4,000 za muziki wa jadi. Hizo ni hatua njema. Hata hivyo, katika njia hiyo asili imebaki ugenini na nakala ndiyo inayorudi nyumbani.

Ipo njia ya pili, nayo Kigali yenyewe imeipitia. Katika Gisozi pana Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari, uliofunguliwa mwaka 2004, ambapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Mwaka 2023 uliingizwa pamoja na kumbukumbu nyingine tatu za Rwanda katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2010 ilianzishwa hapo Hifadhi ya Nyaraka za Mauaji ya Kimbari, ikisaidiwa na maktaba za Chuo Kikuu cha Texas huko Austin. Hukusanywa humo ushuhuda wa sauti na wa picha, hati na fotografia. Katika ushirikiano huo asili hubaki Kigali mikononi mwa wenyewe, na nakala ndiyo inayosafiri kwenda kulindwa mbali. Tofauti ya njia hizi mbili inaonekana ndogo, lakini ndiyo tofauti kati ya mwenye mali na mpangaji.

Tena kazi hiyo ya Gisozi inatufundisha jambo kuhusu majengo. Kanisa la Sainte-Famille ni usanifu wa mwaka 1913, lakini mwaka 1994 watu walikimbilia humo, na wengi walitolewa wakauawa. Hoteli ya Mille Collines, iliyofunguliwa mwaka 1973, ni jengo la ghorofa la mtindo wa miaka yake, lakini katika miezi ileile ilisitiri watu zaidi ya 1,000. Anayehifadhi ramani za majengo haya bila ushuhuda wa waliokuwamo amehifadhi ganda la yai.

FUNZO LA LAMU

Huenda msomaji akauliza kama kazi ya chuo kikuu inaweza kweli kuuokoa mji. Tunaomba twende naye pwani kwa muda mfupi, kisha turudi.

Katika miaka ya 1970 Usam Ghaidan, aliyekuwa akifundisha usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliuchunguza mji wa Lamu na kuchapisha utafiti wake mwaka 1975. Nyumba zilipimwa, zikachorwa, zikahesabiwa. Pamoja na michoro yaliandikwa maneno: daka la mlangoni, kiwanda, msana, ndani, na zidaka za ukutani. Michoro na maneno hayo vikawa msingi wa mipango ya uhifadhi iliyofuata, na mwaka 2001 Lamu ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mji haukuokolewa na karatasi peke yake, lakini bila karatasi wahifadhi wasingejua wanahifadhi nini.

Na mfano wa upande wa pili tunao Unguja. Mwezi Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka. Fundi anayetaka kulirudisha jengo la namna hiyo hufanya kazi kwa vipimo na picha zilizochukuliwa lilipokuwa limesimama. Siku ya kuporomoka si siku ya kwenda kutafuta mkanda wa kupimia.

Rwanda sasa inao watu wa kuifanya kazi kama hiyo. Mwaka 2009 mafunzo ya usanifu majengo yalianza Kigali katika taasisi ya sayansi na teknolojia iliyoitwa KIST. Na mwaka 2013 taasisi hiyo, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa kilichoanzishwa Butare mwaka 1963 na vyuo vingine vya umma, viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Wasanifu wengi waliotangulia walikuwa wamesomea ng'ambo. Ipo sheria ya mwaka 2016 ya kuhifadhi urithi wa utamaduni, na tangu mwaka 2020 shughuli za makumbusho, lugha, maktaba na nyaraka za taifa zimewekwa chini ya chombo kimoja kiitwacho Inteko y'Umuco. Vyombo vipo. Kinachotakiwa ni mazoea: kwamba mwanafunzi anayepima nyumba kwa ajili ya mtihani wake asiutupe mchoro baada ya kupewa alama, bali uwekwe mahali, uandikwe tarehe, mtaa na jina la mwenye nyumba aliyeridhia, na upatikane tena baada ya miaka 50.

WAJIBU WETU

Sasa turudi kwetu walimu. Mwaka 2017 bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne, miaka kumi baada ya nchi hiyo kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wengi wetu tulifurahi kwa kufikiria nafasi za kufundisha. Ni furaha halali. Lakini ni vibaya kukifundisha Kiswahili mjini Kigali kana kwamba ni mgeni aliyeshuka jana kutoka Arusha na jalada la mikataba kwapani. Kiswahili ni mwenyeji wa Biryogo kwa zaidi ya miaka 100. Kilikuwa humo kabla ya gereza, kabla ya hoteli, na kabla ya mji kuwa mji mkuu.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu, yote ya gharama ndogo.

La kwanza ni zoezi la darasani. Mwanafunzi na aende katika nyumba ya zamani anayoijua, kwa idhini ya wenyewe, na kamba yenye mafundo ikiwa hana mkanda. Apime, achore, kisha amwulize mzee wa nyumba majina ya kila sehemu, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda, na sababu ya kila chumba kuwapo. Insha inayotokana na zoezi hilo ina faida kuliko insha kumi kuhusu "siku nitakayoisahau kamwe".

La pili ni kusoma na kuandika maneno ya mafundi kabla hayajabadilika. Fundi wa matofali ya udongo, yanayoitwa rukarakara, ana msamiati ambao kamusi zetu hazina. Nyumba za saruji na vioo zitakuja na msamiati wake. Huo nao tutauandika. Lakini wa kwanza ndio ulio hatarini.

La tatu ni kuwasaidia wahifadhi wa vyuo vikuu. Katika familia za mitaa hiyo huenda kukawa na barua, hati za mauzo ya viwanja, vitabu vya misikiti na picha za arusi, baadhi yake kwa Kiswahili cha tahajia ya zamani au kwa hati za Kiarabu. Mhifadhi aliyesomea Kifaransa na Kiingereza hawezi kuzisoma peke yake. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuketi naye. Na mwenye barua asiambiwe aitoe sadaka. Anaweza kubaki na asili yake, chuo kikachukua nakala, kama tulivyoona Gisozi.

HITIMISHO

Tulianza na methali ya daftari, nasi tutamaliza nayo. Kubwa la majumba mapya ya Kigali, lile la mikutano lenye kuba lililofunguliwa mwaka 2016, lilichukua umbo lake kutoka nyumba ya mwami ya Nyanza. Msanifu aliweza kuliazima umbo hilo kwa sababu nyumba ya jadi ilikuwa imepigwa picha, imechorwa, na imejengwa upya ili watu waione. Nyumba ya mfalme ilikuwa na daftari. Nyumba ya fundi wa Biryogo bado haina. Msanifu wa mwaka 2060 atakapotaka kuazima kitu kutoka kwa fundi huyo, iwe ni kivuli cha baraza yake au busara ya uwanja wake wa nyuma, na akikute kimeandikwa kwa vipimo sahihi na kwa Kiswahili fasaha. Karatasi na kalamu tunazo, na wazee wachache bado wapo barazani. Tusingoje hadi tuulizwe.